Shukrani, machale na utulivu haviji kwa amri

Kila asubuhi makundi ya WhatsApp hupokea ujumbe wa aina moja: picha ya jua linachomoza, na juu yake maagizo matatu. Shukuru kwa ulicho nacho. Sikiliza moyo wako. Ondoa wasiwasi. Aliyeutuma kaupata kwenye kundi jingine, wanaoupokea wanajibu "Amina", kisha kila mtu anarudi kwenye foleni ya daladala na deni lake la ada. Sina ugomvi na picha za jua. Shida yangu ni kwamba maagizo hayo hutolewa kwa mkupuo, kana kwamba yanakubaliana, ilhali katika maisha ya kila siku mara nyingi yanapingana.

Mfikirie mama mmoja wa kikoba, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa. Mweka hazina wao ni shoga yake. Mtoto wa mama huyu alipolazwa, shoga ndiye aliyekesha naye wodini na kumpa nauli ya kurudi nyumbani. Sasa daftari la hesabu halionekani vikaoni. Mara limesahaulika, mara liko kwa mwenyekiti, mara kikao chenyewe kimesogezwa. Machale yameanza kumcheza. Shukrani inamwambia: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, utamshukuje? Machale yanamwambia: pesa hazipo. Na lile agizo la kuondoa wasiwasi linamtaka anyamaze, aombe Mungu, mambo yatakaa sawa. Akijaribu kuyatii yote matatu atabaki hajui ashike lipi, mpaka siku ya kugawana ifike na ikute hakuna cha kugawana.

Kwa hiyo lazima tuyafumue. Kila kimoja kinafanyaje kazi mwilini na akilini, kinaishia wapi, na kipi kitangulie? Msimamo wangu ni huu: mwili utulizwe kwanza, machale yasomwe baada ya hapo, na shukrani ije mwisho. Wahamasishaji wengi huanza na shukrani, na nadhani ndiyo sababu mawaidha yao hayakai hata hadi saa nne asubuhi.

Mwili hausikii hotuba

Binadamu akihisi hatari, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu hata kabla akili haijamaliza kuelewa kilichotokea. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, mdomo unakauka, na tumbo linasokota kwa sababu damu imepelekwa kwenye misuli. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyaeleza haya mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Ni mpango mzuri sana ukikutana na chui. Chui ataondoka, au wewe utaondoka, na baada ya muda mfupi mwili utarudi ulivyokuwa. Lakini mwili huohuo hutumia mpango huohuo kwa ujumbe wa mwenye nyumba anayekumbusha kodi ya miezi sita, na kodi haiondoki. Hapo homoni nyingine, kortisoli, huendelea kuwa juu, usingizi unakatika saa tisa za usiku, na mtu anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Ukimwambia mtu wa hali hiyo "tulia bwana!" hujamsaidia kitu. Mapigo ya moyo hayapokei amri, tumbo halipokei amri, jasho la viganjani halipokei amri. Katika mifumo hii yote, pumzi peke yake ndiyo inayojiendesha usiku ukiwa umelala na bado inakubali kuendeshwa na wewe ukiwa macho. Mlango uko hapo.

Jipime ukitaka. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono, pale panapodunda, kisha vuta pumzi taratibu na uitoe taratibu. Ukivuta, moyo huongeza kasi kidogo, ukitoa, hupunguza. Anayepunguza ni neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye shina la ubongo, unapita shingoni na kufika moyoni na tumboni. Kwa hiyo mtu anayerefusha pumzi ya kutoka anaipa neva hiyo nafasi kubwa zaidi ya kufanya kazi yake. Mtu mzima aliyekaa tu hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akishuka hadi mara sita hivi, kila pumzi inachukua sekunde kumi, na huo ndio muda ambao mwili hutumia kwa kawaida kurekebisha shinikizo la damu kwa zamu ndogondogo za kupanda na kushuka. Miendo hiyo miwili inapokutana, moyo na mishipa huanza kwenda pamoja. Hakuna miujiza hapo, na hakuna ada ya semina.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake ambao naupenda kuliko tafiti nyingi za jambo hili. Waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri dua ya Kibudha ya maneno machache yanayorudiwarudiwa. Njia zote mbili, zilizozaliwa mbali kabisa kwa imani na jiografia, ziliwashusha wasomaji hadi pumzi sita hivi kwa dakika. Urefu wa maneno yenyewe ndio uliopanga pumzi.

Mtu wa pwani akisoma hayo atamkumbuka babu aliyebaki kwenye mkeka baada ya swala, kidole kikisogeza punje za tasbihi: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33. Mkatoliki atazikumbuka jioni za jumuiya na rozari ya mwezi wa Oktoba. Utafiti ule haukupima nyiradi wala rozari ya Kiswahili, na anayeikimbiza tasbihi ili awahi daladala asitegemee matokeo yaleyale. Muumini naye hamwombi Mungu ili presha ishuke. Dua ina makusudi yake. Ninachosema ni kwamba wazee wetu walikuwa na vipindi vya pumzi ndefu vilivyopangwa ndani ya siku, mara kadhaa, bila kuviita zoezi. Na si ibada peke yake: msusi wa ukili barazani, anayerudia mkono uleule saa nzima, huwa hapumui kwa haraka. Sisi tumevitoa vipindi hivyo kimoja kimoja na kuijaza nafasi yake kwa simu.

Jambo la pili linalotuliza mwili linashangaza kwa udogo wake: kuitaja hisia kwa jina. Mwaka 2007 Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku akipima ubongo wao. Walipotakiwa kuchagua neno linaloeleza hisia ile, amigdala zao zilipoa kuliko walipotazama bila kuitaja. "Nina hofu ya ada ya Januari" ni sentensi yenye kazi mwilini. "Niko poa" haina.

Hapa wapo wanaosema salamu zetu zinatufundisha kudanganya, kwa sababu kila habari ni nzuri. Sikubaliani nao. Msikilize mtu mzima akisalimiwa sawasawa. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Na mzee? Mzee ndiyo hivyo, presha inamsumbua, usiku wa kuamkia leo hatukulala. Ukweli hukaa kwenye swali la tatu. Anayeishia "mambo, poa" na kupita ndiye anayeukosa.

Tahadhari moja kabla ya kusonga mbele. Wapo ambao kufumba macho na kukaa kimya kunawaongezea hofu, hasa waliopita kwenye ajali, vita au kipigo. Hao wasilazimishwe. Watembee, waangaze macho, waoshe vyombo huku wakisikia maji yakipita vidoleni. Lengo ni mwili upate taarifa kwamba sasa hivi, hapa ulipo, hakuna chui.

Machale ni kumbukumbu isiyoeleza inakotoka

Kwa nini mwili utangulie? Kwa sababu mwili uliochemka husomeka vibaya. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio Kanada ambalo hadi leo linasimuliwa. Wanaume waliovuka daraja la kamba linaloyumba juu ya korongo walikutana na mwanamke aliyewahoji na kuwaachia namba yake ya simu. Wengine walihojiwa hivyohivyo kwenye daraja imara lililo chini. Wale wa daraja la kuyumba ndio waliompigia zaidi baadaye. Maelezo ya watafiti ni kwamba moyo ulikuwa unadunda kwa hofu ya kuanguka, wao wakadhani unadunda kwa ajili ya mrembo.

Matapeli wa simu wanalijua hili vizuri sana. Hawakupigii kukuuliza kama una pesa. Wanakwambia mtoto ameanguka shuleni, yuko mapokezi, daktari anasubiri, tuma sasa hivi kwenye namba hii. Kazi yao ya kwanza ni kukuchemsha, kwa sababu mama aliyevuta pumzi tatu atampigia mwalimu wa darasa kwanza.

Sasa machale yenyewe ni nini? Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliyaona kuwa ni utambuzi na si kitu zaidi ya hapo: hali iliyo mbele yako inafanana na nyingine ulizowahi kuziona, kumbukumbu inalijua jibu kabla hujaweza kulieleza. Yeye na William Chase walionyesha mwaka 1973 kwamba bingwa wa sataranji akiuona ubao wa mchezo halisi kwa sekunde chache tu huweza kupanga upya sehemu yake kubwa. Ukitawanya kete ovyo, ubingwa unayeyuka na anakumbuka karibu sawa na mwanafunzi. Kilichomsaidia pale mwanzo ni maelfu ya michezo aliyoicheza maisha yake yote.

Gary Klein, mwanasaikolojia aliyewafuatilia wazima moto wa Marekani, aliandika habari za kamanda mmoja aliyeingia na vijana wake kwenye nyumba inayowaka jikoni. Walimwaga maji, moto haukupungua inavyotakiwa. Sebule ilikuwa na joto kupita kiasi, na kwa moto wa ukubwa ule palikuwa kimya mno. Kamanda hakujua kuna nini, akaamuru wote watoke. Mara sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka, kwani moto mkubwa ulikuwa chini yao, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Yeye aliamini ana kipaji kisicho cha kawaida. Klein alipomhoji kwa kina, mambo matatu yakajitokeza: joto lilizidi, kelele ilipungua, maji hayakufanya kazi. Miaka ya kazi ilikuwa imempa picha ya moto wa jikoni ulivyo, na huu haukufanana nayo.

Mpaka hapo inaonekana kama ruhusa ya kuufuata moyo. Lakini Klein alikaa na mwanasaikolojia mwenzake, Daniel Kahneman, ambaye aliyatilia machale shaka kubwa, na mwaka 2009 wakaandika pamoja mahali walipokubaliana. Machale yanastahili kuaminiwa penye masharti mawili. Kwanza, shughuli yenyewe iwe na utaratibu, yaani dalili zinazojirudia na zinazoambatana kweli na matokeo. Pili, mtu awe amepata nafasi ya kutosha kujifunza, akikosea aone amekosea.

Pima kwa masharti hayo na mengi yatajieleza. Nahodha wa ngalawa aliyevua kusi na kaskazi kwa miaka ishirini akikataa kutoka asubuhi yenye jua, mwamini. Bahari ina tabia, na kila siku ilimpa majibu kabla ya magharibi. Mkunga mzoefu akisema "huyu sipendi anavyopumua", mwite daktari. Lakini kijana anayeweka mkeka wa kubeti na kusema leo machale yamemcheza kwamba ugenini wanashinda, huyo hana machale, ana hamu. Timu saba kwa wakati mmoja hazina utaratibu ambao mtu anaweza kuujifunza kwa kutazama, na mwenye kampuni ya kubeti amepanga odi zake akilijua hilo. Mkeka ukichanika husema "timu moja tu imenikwamisha", na somo linapotea.

Kuna kundi la katikati, na hili ndilo linanisumbua zaidi. Dereva wa bodaboda usiku humtazama abiria na kuamua: huyu nampakia, huyu hapana. Ana uzoefu, ndiyo. Ila majibu anayapata ya upande mmoja. Aliyempakia akamkaba, ataijua sura hiyo daima. Aliyemkataa, hatajua kamwe kama alikuwa mwizi au mfanyakazi wa zamu ya usiku anayetaka kufika kwake. Mwajiri anayeajiri kwa "nikimwona tu najua" yuko hivyohivyo: waliokataliwa hawarudi kumwonyesha walivyofanikiwa kwingine. Anaona machale yake hayajawahi kukosea kwa sababu makosa yake hayafiki mezani kwake.

Na machale yanaweza kuua. Kanda ya ziwa nchini Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mojawapo ya dalili zilizotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Macho yale yaliwiva kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Waliowashuku hawakujiona wanasingizia. Mioyo yao iliwaambia, kwa uhakika uleule alioupata kamanda wa zima moto. Uhakika wa moyoni haubebi alama ya kuonyesha umetoka wapi, kwenye uzoefu au kwenye uvumi uliosikia ukiwa mtoto. Kwa hiyo siungi mkono wanaofundisha kwamba hofu ina kelele na machale ya kweli ni sauti tulivu. Chuki ya zamani nayo inaweza kuwa tulivu sana. Kipimo kiko nje ya kifua: nimeziona hali za namna hii ngapi, na niliwahi kujua mwisho wake?

Tumrudie mama wa kikoba. Akishatulia, usiku mmoja au miwili, ajiulize kama kamanda alivyoulizwa: nini hasa nimekiona? Si "sina imani naye". Daftari halijaletwa. Tarehe imesogezwa. Marejesho ya mwanachama fulani yalitajwa kwa kiasi kimoja mdomoni na kingine kwenye ujumbe wa simu. Hayo yanachunguzika, na kikoba chenye katiba kina kifungu cha kusomewa hesabu. Anaweza kuomba isomwe mbele ya wote, kwa kila anayeshika fedha, bila kumtaja mtu kuwa mwizi. Pengine daftari limelowa na mwenzake anaona aibu kusema. Machale yamemfikisha kwenye swali, na hapo kazi yao imekwisha.

Shukrani isiyonyamazisha

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Dada wa kazi akiuliza mshahara wa miezi miwili anaambiwa ashukuru anakula na kulala bure. Kijana anayefanya kazi bila mkataba anaambiwa wangapi wako mtaani. Mke akilia anaambiwa ashukuru hata ndoa anayo. Hiyo ni amri ya kunyamaza iliyovikwa kanzu ya ibada, na dini yenyewe haiiungi mkono: sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko ya wazi mbele za Mungu, na baadhi ya malalamiko hayohayo humalizikia kwenye sifa. Kulalamika na kushukuru vimekaa ukurasa mmoja kwa karne nyingi.

Shukrani ninayoizungumzia ni kuona kwamba jema fulani lilikufikia, na kwamba lilitoka nje yako, kwa mtu au kwa Mungu. Kuona huko ni kazi, maana akili ya binadamu haikuumbwa kuhesabu mema. Baya lina uzito kuliko jema la kiasi kilekile. Tusi moja linafunika sifa kumi. Na jema likizoeleka halionekani tena. Maji yakirudi bombani baada ya wiki ya ndoo, siku ya kwanza ni sherehe, siku ya tatu ni bomba tu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na nadhani walijua kuwa mbachao huonekana mchakavu zaidi siku msala wa mwenzako unapopita.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003. Katika jaribio la kwanza wanafunzi waliandika kila wiki, kwa wiki kumi, hadi mambo matano: wengine ya kushukuru, wengine ya kuudhi, wengine yaliyotokea tu. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao vizuri zaidi kuliko wenzao. Wanaouza madaftari ya shukrani huishia hapo. Lakini Jennifer Cheavens na David Cregg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikusanya tafiti 27 za mazoezi ya namna hii na kutazama athari zake kwa sonona na wasiwasi. Zilisaidia, ila kidogo, na wao wakashauri mwenye dalili hizo atafute tiba yenye ushahidi wenye nguvu zaidi. Ni kama chumvi kwenye mboga: bila hiyo kuna kitu kinapungua, lakini haijawahi kumshibisha mtu.

Namna ya kuitumia ina mambo yake. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba waliohesabu mema mara moja kwa wiki walinufaika kuliko waliohesabu mara tatu. Inaeleweka. Ukiandika kila siku "afya, familia, chakula", kufikia siku ya tano unaandika kama unajaza fomu. Afadhali Ijumaa au Jumapili moja, jambo moja, lenye jina na saa: jirani alianua nguo zangu mvua ilipoanza na mimi niko kazini.

Njia nyingine ni kuliondoa jema kwa mawazo. Minkyung Koo na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba mtu akifikiria jinsi tukio jema lingeweza kutotokea, moyo wake unainuka kuliko akifikiria tu kwamba lilitokea. Usijiambie una mume mwema. Jiulize ingekuwaje kama siku ile basi la Tanga lisingeharibika njiani na msingekaa kwenye kibanda kimoja kusubiri jingine.

Kisha mwambie mhusika. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley waliwataka watu waandike barua za shukrani na kukisia zitapokewaje. Waandishi walidhani wapokeaji wataona aibu kuliko walivyoona, na hawakutegemea kwamba wangefurahi kiasi kile. Kwetu jambo hili lina sura yake. Wapo wanaume wa umri fulani ambao watakuletea kilo mbili za sukari, watakaa dakika kumi wakizungumzia mvua, na wataondoka bila kutamka asante. Sukari ndiyo asante. Siwalaumu, ila mpokeaji naye si mtabiri. "Kaka, ule mkopo ulininusuru" haigharimu chochote kuongezea juu ya sukari.

Na mama wetu hadaiwi ukimya. Usiku ule wa wodini ni kweli na utabaki kweli hata hesabu zikipungua. Anaweza kumwendea shoga yake kabla ya kikao, amwambie sijasahau ulivyokesha nami, na kwa hilo nimekuja kwako mwenyewe kwanza: kikao kijacho nitaomba daftari lisomwe. Ni maneno magumu. Hasemi hayo mtu ambaye moyo unamwenda mbio, ndiyo maana nilianza na pumzi.

Mawazo yakizidi

Yote haya ni ya mtu aliyechoka au aliyesongwa na mambo ya kawaida. Zaidi ya hapo, mpangilio unabadilika, na mfano ninaoujua wa Afrika ni wa Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari wa akili wa Harare, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake mmoja kwa kujiua. Familia ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka uliofuata alianza kufanya kazi na bibi 14 wa eneo la Mbare, akawafundisha kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, uliwafuatilia watu 573: baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kwa waliopita kwenye benchi, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Malawi na Zanzibar.

Tazama bibi hao wanavyofanya. Hawaanzi kwa kumwambia mgonjwa ashukuru, wala hawamwambii asikilize moyo wake, kwa sababu moyo wenye sonona husema uongo kwa sauti ya kuaminika. Wanamsikiliza mpaka amalize. Kisha mgonjwa mwenyewe anachagua tatizo moja kati ya mengi, na wanapanga naye hatua moja ndogo anayoweza kuimudu kabla ya kuonana tena. Wiki ijayo wanaulizana imekwendaje.

Kwa hiyo ikiwa usingizi umepotea, chakula hakina ladha, vilivyokufurahisha havikufurahishi, na hali imedumu wiki mbili au zaidi, daftari la shukrani liwekwe kando kwanza. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza uchunguzi na kutoa rufaa. Wengi huogopa kusikia majina ya hospitali za akili za Mirembe au Mathari kwa sababu ya utani wa mtaani, wakati sonona nyingi hutibiwa mtu akiendelea kulala kwake. Anayesema anataka kujidhuru asiachwe peke yake hata kwa usiku mmoja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mtu abaki naye mpaka aonwe na daktari.